Mbwa Aliyekula kwa Mkono Mmoja

Hadithi iko mlangoni, jamani. Tuiambieje?

Tuiambie ipite.

Haijasikia. Imetoka mbali, masikio yamejaa vumbi. Tuiambieje?

Tuiambie ipite, ikae, inyooshe miguu.

Haya, imepita, imekaa. Imekalia kigoda changu, mimi nimebaki na sakafu. Si kitu. Makalio haya yamesafiri juu ya magunia ya vitunguu kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Kwayo sakafu ni godoro.

Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa watu, wanyama walikuwa wakisema na watu wakiwaelewa. Palikuwa na nchi ya milima, milima iliyosimama wima. Mtu akidondosha boga lake juu, akilifuata chini humkuta jirani ameshalimenya. Watu wa huko walifuga mbuzi na kulima maharage, na walikuwa na desturi yao waliyoiita kuonjesha.

Kuonjesha ni hivi. Kiumbe mgeni akija kuishi kijijini, awe bibi harusi, awe fahali, awe mbwa, hupitishwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba humpa tonge kwa mkono. Akishakula kwa mikono yote, si mgeni tena. Amewajua, nao wamemjua. Mimi wangenionjesha ningezunguka mara mbili, nikijidai nimesahau nilikoanzia.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo mjane mmoja, jina lake Namcharo. Mumewe alimwachia mbuzi wengi, na boma la miiba minene lenye lango moja tu. Nyuma ya boma palikuwa na genge lisilopitika. Alimwachia pia wifi, Nakiete, dada wa marehemu, aliyeishi na mumewe Mngara ng'ambo ya kijibonde.

Namcharo hakuwa mtu mbaya. Nawaambieni mapema, maana baadaye mtamkasirikia. Alikuwa mtu aliyebaki peke yake, na mbuzi wake walikuwa wakipotea. Leo mwanambuzi hayupo. Mwezi ukiandama, mwingine hayupo. Hakuna damu, hakuna manyoya. Namcharo akakaa akafikiri, na mtu anayefikiri peke yake mawazo yake hayaendi mbali. Yake yalivuka kijibonde, yakafika kwa jirani, yakaishia hapo.

Akasema moyoni, "Ni Mngara. Ni yeye na wifi yangu. Wanaona mali ya kaka yao haina mwenyewe."

Hakuwaambia. Aliwasalimia kama kawaida, ila salamu zilianza kuwa fupi.

Masika moja wakapita wachuuzi wa chumvi. Walikuwa na mbwa jike mkubwa ajabu. Akisimama, mgongo wake ulifika kiunoni mwa mtu mzima, na kichwa chake kilikuwa kama mtungi. Mbwa yule alikuwa na mimba, na uchungu ukamshika pale pale, akazalia katika banda la Namcharo. Namcharo akampikia uji. Akamtandikia majani makavu. Akakaa naye akimfukuzia nzi.

Watoto walipoacha kunyonya, wachuuzi wakifunga mizigo, mama mbwa akamwambia Namcharo, "Umenitunza. Nakuachia mwanangu mmoja wa kiume. Lakini sikiliza, maana sisi hatulelewi kama mbwa wengine."

Namcharo akasema, "Nakusikiliza, mama."

"La kwanza, usimshibishe kupita kiasi. Atakuwa na njaa kila saa, na atakutazama kwa macho ya kukuliza. Usidanganyike. Nyama yake hukua haraka, mifupa yake hukua polepole. Ukimnenepesha angali mtoto, miguu itakataa kumbeba."

"Nimesikia."

"La pili, usimfunge. Mwache alale na mbuzi, atembee nao, anywe maji wanaponywa wao. Atajiona ni mbuzi mwenye meno. Wala hatakuwa na haja ya kupiga kelele. Atalala tu katikati yao, na mwenye nia mbaya atamwona kwa mbali."

"Nimesikia."

"La tatu, mwonjeshe. Mpitishe nyumba zote kama desturi yenu. Sisi tunazaliwa tukijua kuzuia, hilo halifundishwi. Kinachofundishwa ni nani wa kumpisha. Na mwanangu akili yake huchelewa. Atakuwa na mwili wa simba, na ndani bado ni mtoto. Asipofundishwa sasa, akikua atakuwa ameshaamua mwenyewe."

"Nimesikia, mama. Yote matatu."

Na kweli aliyasikia. Shida haikuwa kusikia. Hata mimi mganga wangu ameniambia habari za nyama ya mafuta, na nimesikia vizuri sana.

Kitoto kikabaki. Namcharo akakipa jina Nawajua. Watu wa milima ile walikuwa na tabia ya kutumia majina ya mbwa kupeleka maneno kwa majirani. Jioni akasimama langoni akaita kwa sauti ya kuvuka bonde, "Nawajua, njoo. Nawajua, njoo ule." Ng'ambo akamwona wifi yake akiacha kupepeta maharage, ungo umesimama mikononi. Namcharo akaingia ndani akitabasamu.

Asubuhi yake Nakiete akaja mwenyewe mpaka langoni.

"Hodi, wifi. Nasikia una mtoto."

"Ninaye."

"Mbona hujamleta tumwonjeshe? Nimemwekea ukoko toka jana, na Mngara anautolea macho. Nikichelewa utaliwa na mbwa wangu wa ndani."

Namcharo akataka kucheka, akajizuia. "Nitamleta kesho, wifi."

Kesho yake akambeba Nawajua mgongoni kwa kanga, kama mtoto wa mtu, akashika njia ya kijibondeni. Njiani, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Mbweha, amekunja mikono, ametulia kama mtu aliyefika mapema kwenye kikao.

"Habari za asubuhi, dada Namcharo. Unampeleka wapi ndugu yangu?"

"Ndugu yako huyu?"

"Kwani huoni pua zetu? Ukoo ni mmoja. Ila siku ya kugawa vimo mimi nilikuwa safarini. Unampeleka wapi?"

"Nampeleka kuonjeshwa."

Mbweha akatikisa kichwa polepole. "Ni desturi nzuri, kwa bibi harusi. Lakini dada yangu, wewe unafuga mlinzi au unafuga mgeni wa heshima? Mtu akishamlisha mbwa wako tonge, siku akija kukuibia ataogopa nini? Atasema, Nawajua, mimi ni yule wa ukoko. Na mbwa atatikisa mkia."

Namcharo akaikaza kanga mgongoni.

"Na hao wanaochukua mbuzi wako," Mbweha akasema, "ni watu wa mbali, au ni watu wanaojua banda liko wapi? Sijamtaja mtu. Mimi ni mpita njia."

Namcharo akasimama pale njiani. Mgongoni kitoto kilikuwa kinamlamba shingo. Akageuza, akarudi nyumbani. Hilo la kwanza.

Mvua zikaisha, jua likawaka. Nawajua akakua. Alikuwa mrefu, mbavu zinahesabika, miguu mikubwa kama ya kuazima. Namcharo alikuwa akimpa chakula kwa kiasi, kama mama yake alivyosema. Siku moja akiwa mtoni, Mbweha akatokea ng'ambo ya maji.

"Dada, nimemwona mwanao. Nimesikitika."

"Amefanya nini?"

"Amekonda. Huko chini wanasema mjane amefuga mbwa asiyeweza kumlisha. Mimi niliwakanya. Nikasema, chakula kipo, ila dada yetu mkono wake ni mzito kidogo."

Basi hapo alimgusa penyewe. Siku ile ile Namcharo akapika ugali wa watu sita akammwagia mbwa mmoja. Kesho hivyo hivyo. Kesho kutwa, na mchuzi juu. Nawajua akala, akatazama kwa macho ya kuliza, akaongezwa. Akanenepa, shingo ikapotea. Kilimani alipanda akihema, na kwenye kuteremka miguu ya nyuma ikaanza kupishana kama ya mlevi. Hilo la pili.

Lakini bado alitembea na mbuzi. Polepole, nyuma yao, akichechemea. Na siku anazotembea na mbuzi hakuna aliyepotea. Hilo Namcharo hakuliona, kwa sababu kitu kisichotokea hakina sauti.

Mbona sijawaambia tabia yake? Alikuwa mpole huyo, jamani, mpole wa kuudhi. Kuku walikula kwenye sahani yake, naye akingoja wamalize. Mwanambuzi akimpanda mgongoni, alibaki amelala hivyo hivyo mpaka ateremke. Jioni aliweka kichwa chake juu ya paja la Namcharo, nacho ni kizito, mpaka mguu ukafa ganzi, na Namcharo hakumwondoa. Alimsimulia habari za siku nzima. Alikuwa hana mwingine wa kumsimulia.

Siku moja Nawajua akarudi kutoka malishoni akasema, "Mama, leo kulikuwa na mtu wa masikio ya kuchongoka nyuma ya jiwe. Nimemkimbiza. Nimeshindwa kumfikia, miguu inauma. Lakini amekimbia."

"Umefanya vizuri, baba."

Siku ya pili yake Mbweha akaja mwenyewe nyuma ya boma, sikio limechubuka katika mbio za jana, akasemea kwenye upenyo wa miiba. "Dada, mbwa anayezurura huzoea watu. Leo anakutana na huyu, kesho anakutana na yule, na mimi nasikia Mngara anapenda sana kumpigia mluzi. Mfunge langoni. Mpe kamba inayofika pande zote mbili za lango. Nyuma una genge, nani atapita? Mbwa aliyefungwa huwa mkali. Hapo ndipo utalala usingizi."

Usingizi ndio kitu Namcharo alichokitaka kuliko vyote. Akasuka kamba nene ya katani, akamfunga langoni.

Asubuhi mbuzi walipotoka, Nawajua akasimama kuwafuata. Kamba ikamrudisha. Akasema, "Mama, mbuzi wanaondoka. Wameniacha."

Namcharo akasema, "Wewe kaa hapa. Kazi yako ni lango."

Akakaa. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alizunguka mpaka majani yakaisha pale chini. Siku ya tatu akatulia, akaweka macho njiani, na tangu siku ile ulimwengu wake wote ukawa ni ile njia, na kila aliyepita juu yake alikuwa mtu asiyemjua. Hilo la tatu.

Akaja mama mmoja wa juu kuomba kaa la moto. Nawajua akasimama, manyoya ya mgongo yamesimama naye, akasema:

"Harufu yako siijui,
sauti yako siijui,
mkono wako sijaula.
Rudi."

Yule mama akarudi bila moto.

Akaja Nakiete, ukoko umefungwa kwenye jani la mgomba. "Mwanangu, mimi ni shangazi yako."

"Harufu yako siijui,
sauti yako siijui,
mkono wako sijaula.
Rudi."

Ndani ya nyumba Namcharo alikuwa akisikia yote. Nakiete akaita, "Wifi, upo? Njoo unikamatie simba wako." Namcharo akashika mwiko, hakuitika. Nakiete akangoja. Mwisho akaliweka jani pembeni mwa njia, akaenda zake. Nawajua hata hakulinusa.

Akaja Mngara, anakimbia, jasho linamtoka. "Shemeji, toka nje. Nimemwona huko gengeni, amebeba mwana wa..."

"Harufu yako siijui,
sauti yako siijui,
mkono wako sijaula.
Rudi."

Na safari hii alinguruma kwa sauti iliyofunika maneno. Namcharo akachungulia mlangoni. Akamwona Mngara anarusha mikono, anaonyesha genge. Akasema moyoni, "Amekuja kukagua." Akafunga mlango.

Basi habari ya kweli ikafika mpaka langoni, ikageuzwa.

Na mbuzi waliendelea kupungua. Namcharo akashangaa. Mbwa yuko langoni, hakuna mtu aliyepita, na wanambuzi hawapo. Akaona wezi wake ni hodari kuliko alivyodhani. Akafupisha salamu zaidi. Mwishoni hazikuwepo.

Sasa sogeeni kidogo, maana sauti yangu hapa huwa inapungua.

Ilikuwa siku ya mvua, mchana. Maji yalikuwa yameloweka udongo chini ya ukuta wa zizi, ukuta mrefu wa mawe aliojenga marehemu. Namcharo akaona umepinda, akaingia kuupachikia mawe. Nusu ya ukuta ikamwangukia. Mawe yakamfunika miguu mpaka mapajani. Ile nusu nyingine ikabaki imeinama juu yake, inatoa vijiwe kimoja kimoja.

Namcharo akapiga yowe.

Katika milima ile, yowe halina jirani wala adui. Anayelima huacha jembe. Anayekula huacha tonge. Wakaja wote. Wakatoka juu, wakatoka chini, wakavuka kijibonde kwenye maji. Wa kwanza kufika langoni alikuwa Nakiete, na Mngara nyuma yake, mkuki wa malishoni begani.

Na langoni alikuwapo Nawajua.

Alikuwa amesikia yowe la mama yake. Aliwaona watu wengi wanakuja mbio. Yeye aliyaweka pamoja hayo mawili kama mbwa yeyote mwema angeyaweka. Akasimama katikati ya lango, mkubwa kama mlango wenyewe, miguu mibovu inatetemeka. Akasema, "Rudini."

Nakiete akatupa nyama aliyokuja nayo mkononi. Mbwa hakuitazama. Mngara akachutama, akasema kwa upole, "Baba, sisi ni wenu." Hakumjua. Vijana wakashika blanketi wamfunike. Akalipasua, na mmoja akatoka na mkono unaovuja damu. Wengine wakachukua mapanga wakaanza kukata miiba, lakini miiba ile ilipandwa na mume wa Namcharo, na alikuwa mtu wa kazi.

Kutoka zizini Namcharo aliona yote kupitia lango lililo wazi. Aliwaona wote waliokuja. Hakuna aliyekosekana.

Akaita, "Nawajua, waache."

Mbwa akatega sikio. Lakini neno lile hakulijua. Alijua "kaa macho". Alijua "zuia". Neno la kumwachisha Namcharo hakuwahi kumfundisha, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia.

"Waache, mwanangu. Ni watu."

Nawajua aliisikia hofu tu katika sauti ile. Akazidi kuwa mkali.

Juu ya Namcharo ukuta ukaguna. Jiwe likatoka, likampiga bega.

Mngara akasema kwa nguvu, "Shemeji, sema wewe. Mbwa ni wako."

Namcharo akamwona ameshika mkuki, hajauinua. Anangoja. Mtu ambaye yeye moyoni alimwita mwizi siku zote anasimama kwenye mvua anamwomba ruhusa. Na Nakiete alikuwa anang'oa miiba kwa mikono mitupu.

Mkuki usingempata Nawajua akiwa ameutazama. Alikuwa mzito, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi. Ilibidi ageuke. Na katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye akiita Nawajua anageuka.

Namcharo akameza machozi mpaka sauti ikanyooka. Akaita kwa ile sauti ya jioni, sauti ya chakula tayari.

"Nawajua, njoo. Njoo ule, baba."

Nawajua akageuka. Masikio yakalegea. Mkia ukaanza kwenda.

Mngara akarusha.

Mbwa hakulia. Alitembea kumfuata mama yake mpaka kamba ikaisha, akalala hapo. Kati ya pua yake na mkono wa Namcharo palibaki nafasi ambayo hakuna hata mmoja aliyeweza kuivuka. Watu walikuwa wanapita mbio juu yake kwenda kushika mawe. Akawatazama wanavyopita. Akasema polepole, "Mama, samahani. Wamenipita."

Wakamtoa Namcharo. Walikuwa wamemvuta nyuma hatua chache tu, ukuta uliobaki ukalala chini pale pale alipokuwa.

Na wakati ule ule, ndani ya zizi, nyuma ya majike waliojibanza, wakamkuta nani? Mbweha, na mwanambuzi mdomoni. Alikuwa amepanda kwa upenyo wake wa gengeni, akijua macho yote yako langoni. Hakujua kama lango litafunguka. Akamtema mwanambuzi, akasema, "Nimesikia yowe, nikaja kusaidia."

Walimsaidia wao. Walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa ungo wa mtu. Akapita upenyo wake mkia umebaki nusu, na sikio moja likabaki kwenye miiba. Tangu siku ile Mbweha haingii kijijini hata kwa mwaliko. Hukaa kilimani akalia, na watu wanaomsikia wanadhani ni baridi.

Siku chache baadaye Namcharo, miguu imefungwa kwa vijiti, alikaa mlangoni. Mbweha akaita kutoka juu ya genge, mbali, mahali ambapo jiwe halifiki.

"Pole, dada."

"Ulikuwa wewe. Tangu mwanzo."

"Nilikuwa mimi. Nilikuwa na njaa na watoto. Sikatai."

"Ulinidanganya mara tatu."

"Dada yangu, mimi ni Mbweha. Watu wote wanajua mimi ni nani. Mama yake alikuambia, nami nikakuambia. Ulichagua anayesema vibaya juu ya wifi yako." Akapapasa palipokuwa na sikio. "Nilishangaa hata mimi. Mara ya kwanza nilijaribu tu."

Namcharo akageuka akatazama ng'ambo ya kijibonde. Mimi nimetembea nchi nyingi nikilitafuta jibu la maneno hayo, na sijalipata. Nimepata vitunguu tu.

Mngara alimzika Nawajua nje ya lango. Alichimba kaburi la mtu mzima, maana dogo halikumtosha. 

Namcharo alikaa kitako misimu miwili, hajiwezi. Nyumba zote zilimlisha kwa zamu. Aliyekosa moto siku ile alileta uji. Kijana aliyeng'atwa alileta maziwa, kwa mkono wenye kovu. Nakiete alileta ukoko na kukaa naye mpaka amalize, akimsema Mngara, akimchekesha. Wote waliingia moja kwa moja. Walisema hodi kwa mazoea, lakini hapakuwa na kitu cha kungoja pale langoni.

Namcharo alipokea kila tonge, akautazama kila mkono uliolileta. Akaona kwamba hii ndiyo mikono yenyewe. Ilikuwepo siku zote, ng'ambo ya kijibonde, na yeye alikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo, na mtoto mgongoni. Wakati mwingine alisahau kutafuna.

Siku moja Nakiete akamwambia, "Wifi, kula, uji unapoa."

Namcharo akasema, "Nakula. Wifi, angekupenda sana."

Nakiete akasema, "Najua." Akachukua kijiko, akamlisha.

Wasikilizaji wangu, ngano hii inatufundisha hivi. Ukifuga mlinzi, mjulishe kwanza watu wa kuwapisha. Kuzuia anakujua tangu kuzaliwa. Mlishe kwa kiasi, mwache atembee, mpe watu. Na hata kama hufugi mbwa, kama mimi ambaye mke wangu anasema mnyama mmoja nyumbani anatosha, tazama ni nani umemfungia lango la moyo wako kwa neno la mpita njia. Siku ya yowe ndiye atakayekuja. Na utakuwa umeshaweka pale langoni kitu unachokipenda, asiweze kupita ila kwa kukiua.

Hapo ngano imechoka, nami nimechoka nayo. Nimeitua chini. Mwenye mgongo mzuri aichukue, aipeleke kwa jirani.